Dispensari ya Mizingani: fahari juu, dawa chini

Ndugu msomaji, mtu anayeingia Unguja kwa boti akitokea Dar es Salaam hupokewa na majengo kabla hajapokewa na watu. Boti ikikaribia gati, majumba yaliyoelekea bahari hujipanga mbele ya macho yake, na moja kati ya hayo humlazimisha kutazama mara ya pili. Ni jumba la ghorofa kadhaa, lenye roshani za mbao zilizokaa moja juu ya nyingine. Mbao zenyewe zimechongwa na kutobolewa kwa ufundi mwingi, hata kwa mbali utadhani ni lesi iliyotundikwa ukutani. Wageni hupiga picha, kisha huuliza: "Hili ni kasri la Sultani yupi?"

Si kasri la Sultani yeyote. Ni dispensari. Ndiyo, jumba lile lenye mapambo kuliko mengi katika barabara ya Mizingani lilikuwa mahali pa mtu mwenye homa kwenda kutafuta dawa. Wengi hulijua kwa jina la Dispensari ya Zamani, na wengine hulikumbuka kama Dispensari ya Ithnasheri.

Katika mazungumzo yetu ya juma hili napenda tulitazame jumba hilo, nje na ndani. Sitaki tulitazame kama watalii, ambao huridhika wakiambiwa kwamba kitu ni cha zamani na kizuri. Tulitazame kama watu wa mjini tunaojua bei ya dawa, tunaojua maana ya kufika kwenye zahanati ukaambiwa dawa hakuna. Maana historia ya jumba hili ina swali moja ambalo hata leo hatujalijibu vizuri: je, kujenga nyumba ya tiba na kuwapa watu tiba ni jambo moja?

Tuanze na mwenye fedha. Jina lake lilikuwa Tharia Topan, Khoja wa madhehebu ya Ismailia, aliyezaliwa Kutch, magharibi mwa India, mwaka 1823. Alifika Unguja angali mtoto, akaanzia chini kabisa katika biashara, akafanya kazi katika nyumba ya Jairam Shivji, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokodi ushuru wa forodha wa Zanzibar.

Mpango huo wa kukodi ushuru unahitaji maelezo kidogo. Sultani hakuwa na maofisa wake wa kukusanya kodi bandarini. Alimkodisha tajiri mmoja kazi hiyo. Tajiri akamlipa Sultani kiasi cha fedha walichopatana kwa mwaka, kisha yeye akakusanya ushuru wa kila shehena iliyoingia na kutoka. Kilichozidi kilikuwa chake. Katika miaka ya 1870, wakati wa Sultani Barghash bin Said, kazi hiyo ilimwangukia Tharia Topan mwenyewe. Mtoto aliyeanza na kazi ndogo ndogo akawa ndiye mwenye kushika mlango wa nchi.

Mwaka 1875 Sultani Barghash alipofunga safari kwenda Uingereza, Tharia alikuwa katika msafara wake. Baadaye Malkia Victoria alimpa heshima ya kuitwa "Sir". Msafiri Henry Morton Stanley, aliyepitia Unguja kutafuta wapagazi na vifaa, alimtaja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa mji.

Sasa, ndugu msomaji, hapa hapana budi tuseme ukweli wote. Utajiri wa Unguja katika karne ya 19 ulitoka katika karafuu, pembe za ndovu na watu. Mfanyabiashara wa mjini aliwakopesha wenye misafara nguo, shanga, bunduki na baruti. Msafara ukaenda bara, ukakaa huko miaka, na uliporudi deni likalipwa kwa pembe. Tippu Tip, katika kitabu cha maisha yake alichokieleza kwa Kiswahili kwa ulimi wake mwenyewe, anamtaja Tharia kuwa mmoja wa waliompa mali ya kuendea bara. Na misafara ile haikurudi na pembe peke yake. Ilirudi na binadamu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, yaani miaka 14 tu kabla ya jiwe la msingi la hospitali yetu kuwekwa.

Sisemi haya ili mtu aligeuzie mgongo jumba la Mizingani. Mgonjwa anayetetemeka kwa homa haulizi shilingi iliyonunua kwinini ilitoka wapi. Lakini maua yaliyochongwa kwenye mbao hayafuti historia, na anayelisifu jumba hili bila kumkumbuka mpagazi aliyebeba pembe mabegani amesoma nusu ya ukurasa.

Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka 50 ya kutawala. Katika kila bandari ambamo Waingereza walikuwa na sauti, matajiri walishindana kuonyesha furaha yao. Zanzibar ilikuwa haijawa nchi ya himaya ya Uingereza. Hilo lilikuja mwaka 1890. Lakini upepo ulikuwa umekwisha kujulikana unakoelekea, na Tharia Topan alikuwa nahodha mzuri wa pepo za namna hiyo. Akatoa ahadi ya kujenga hospitali kuadhimisha Jubilei hiyo, na jiwe la msingi likawekwa mwaka huo huo.

Tazama mahali alipopachagua. Wagonjwa maskini wengi waliishi Ng'ambo, upande wa pili wa mkondo uliotenganisha mji wa mawe na vibanda vya makuti. Hospitali haikujengwa Ng'ambo. Ilijengwa ufukweni, imeelekea bandari, mahali ambapo kila meli ya kivita na kila meli ya biashara ingeiona kabla ya kutia nanga. Sadaka hii ilitolewa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto uliarifiwa mapema sana.

Ujenzi ukaanza. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kama ilivyo desturi ya majumba ya Mji Mkongwe. Lakini mapambo yake hayakuwa ya kawaida. Nyumba ya Kiarabu ya Unguja huificha fahari yake. Nje ni ukuta mtupu na mlango wa nakshi, uzuri uko ndani. Jumba la Tharia liligeuza mambo. Fahari ilitolewa nje, ikatundikwa juu ya barabara. Roshani zake zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Umbo lake kwa jumla lina kumbukumbu za Ulaya. Mawe na chokaa yake ni ya pwani yetu. Kwa hiyo jumba hilo ni kama Kiswahili chenyewe: maneno yametoka kila upande, lakini yamekaa pamoja na yanaeleweka.

Tharia hakuliona likikamilika. Alifariki dunia mwaka 1891. Mjane wake akaendelea na kazi, na mwaka 1894 jumba likawa tayari.

Na hapa ndipo penye funzo. Jumba lilikuwa tayari, lakini Hospitali ya Jubilei iliyokusudiwa haikupata kuwa. Mwenye ahadi alikuwa kaburini. Kuta zilikuwapo, ngazi zilikuwapo, roshani zilikuwapo. Uliokosekana ni mfuko wa kumlipa daktari mwezi hadi mwezi, na wa kununua dawa mwaka hadi mwaka. Kumbe jiwe la msingi huwekwa siku moja, lakini mgonjwa huja kila siku.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kwa mizinga kasri la Sultani, lililo karibu na hapo katika ufuko huo huo, kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash aliyekuwa amekikalia kiti cha enzi bila ridhaa yao. Vita vile havikufika hata saa moja, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la Tharia lilisalimika. Lilikuwa na umri wa miaka 2, na bado lilikuwa halijaianza kazi yake ya tiba.

Kazi yake ilianza kwa mkono wa mtu mwingine. Mwaka 1900 jumba liliingia katika wakfu wa sadaka uliobeba jina la Haji Nasser Nur Mohamed, wa jamaa ya Khoja Ithnasheri. Sehemu ya chini ikafanywa dispensari, na daktari akawekwa papo hapo. Ghorofa za juu zikagawanywa kuwa nyumba za kukaa watu.

Mpangilio huo unafanana na akili ya kale ya wakfu wa pwani, ambayo kila msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja ataitambua. Mtu akiweka wakfu hutoa kitu chenye kuzaa: shamba la minazi, duka, au nyumba. Mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi. Matunda yake ndiyo yanayoliwa na msikiti, chuo au maskini. Tharia alitoa jumba. Wakfu ulilipa jumba lile kazi ya kufanya. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa jumba la Mizingani tunaweza kuongeza kwamba kutoa ni moyo, na kudumu katika kutoa ni mpango.

Sasa tuingie ndani. Ukivuka mlango kutoka kwenye jua la Mizingani, jambo la kwanza ni kivuli na ubaridi, maana kuta za matumbawe ni nene na joto hupenya kwa shida. Mbele yako ni ua wa ndani, ulio wazi kuanzia chini hadi juu, na vyumba vya kila ghorofa vimeuzunguka. Roshani za mbao za ndani zimefuata ule ule ufundi wa nje. Kuna plasta iliyofinyangwa kwa mapambo, na kuna vioo vya rangi vinavyoivunja nuru vipande vipande kabla haijafika sakafuni. Ua huo haukuwekwa kwa urembo tu. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na ya baridi ikaingia chini. Kabla ya feni na viyoyozi, huo ndio uliokuwa mtambo wa kupoza nyumba.

Katika dispensari za zama hizo, dawa hazikuja zimefungwa katika vijisanduku vya kampuni. Nyingi zilichanganywa papo hapo. Palikuwa na kinu kidogo na mchi wake, mizani ya kupimia vitu vyepesi, na mitungi ya kioo yenye majina ya Kilatini. Mgonjwa alipoonana na daktari, alikwenda dirishani kwa mchanganya dawa, ambaye Wahindi walimwita kompaunda. Mara nyingi mgonjwa alikuja na chupa yake mwenyewe kutoka nyumbani. Kompaunda aliitia maji ya dawa, kisha akabandika ubavuni ukanda wa karatasi uliokatwa meno meno, kila jino likiwa kipimo kimoja, ili hata asiyejua kusoma aelewe: asubuhi jino moja, jioni jino moja. Dawa ya unga ilifungwa katika vikaratasi vilivyokunjwa, kila kikaratasi kipimo chake.

Je, dawa zile ziliponya? Tuwe wa kweli. Mwaka 1900 penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Iligunduliwa mwaka 1928 na kuanza kutumika sana miaka ya 1940. Aspirini ilikuwa na mwaka mmoja tu sokoni. Iliyokuwapo na yenye nguvu ya kweli ni kwinini, iliyotolewa katika gome la mti wa sinkona na kutengwa na wataalamu wa Ufaransa mwaka 1820. Hata hivyo, uthibitisho kwamba mbu ndiye anayechukua vijidudu vya malaria ulianza kupatikana mwaka 1897 tu, kwa kazi ya Ronald Ross huko India. Zaidi ya kwinini, dawa nyingi zilikuwa za kuharisha, za kutuliza, za kuosha vidonda. Mafuta ya mbarika yalifanya kazi nyingi kuliko yalivyostahili.

Na mji ulikuwa na maradhi ya kutisha. Kipindupindu kiliikumba Unguja mwaka 1858 na kikarudi mwaka 1869 na 1870, na daktari mmoja aliyekuwa hapa, James Christie, alikiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Ndui nayo ilipita ikarudi, ikapita ikarudi. Pengine aliyeokoa watu wengi zaidi kuliko dawa yoyote ya wakati ule ni Sultani Barghash, alipoleta maji safi ya chemchemi mjini kwa mifereji. Lakini mtu akishaugua, hotuba ya maji safi haimsaidii. Anataka mlango wa kubisha. Kwa zaidi ya miaka 60, mlango mmojawapo ulikuwa Mizingani.

Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Jamii nyingi za Kiasia zilihama, na jumba likaachwa na waliokuwa wakilitunza. Likaingia mikononi mwa Serikali. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bure kwa wote, na kazi ya tiba ikawa ya hospitali na vituo vya Serikali. Kwa mgonjwa maskini hilo lilikuwa jambo kubwa, wala tusilipuuze. Lakini jumba lilibaki bila kazi, na jumba lisilo na kazi huanza kufa siku ile ile.

Katika miaka ya 1970 na 1980 mvua iliingia na mchwa wakaingia. Nyumba ya matumbawe ina tabia yake. Chokaa huruhusu ukuta kupumua. Unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka. Chokaa ikianguka isirudishwe, maji hunyonywa na jiwe, vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza, na siku moja sakafu hushuka. Na fundi wa haraka akija na saruji, huharibu zaidi, kwa sababu saruji huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi yake. Wahenga waliokwisha kusema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa, naamini, watu wa miji ya mawe.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaichukua dispensari kuitengeneza. Kazi ilifanywa kwa njia za kale: chokaa badala ya saruji, mbao badala ya zege, na mafundi wetu wakajifunza upya ufundi ambao babu zao waliujua. Roshani zilirudi, vioo vikarudi. Jumba likafunguliwa upya kuwa kituo cha utamaduni. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaandikwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Kwa hiyo leo jumba limesimama, zuri kama siku za mwanzo, nalo halitoi dawa. Kuna watakaosema kwamba hilo ni jambo la kusikitisha. Mimi nasema inategemea unalinganisha na nini. Si mbali na hapo, katika ufuko huo huo, lilisimama jumba la Beit el-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, jumba kubwa kuliko yote mjini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele yake iliporomoka mchana, na watu wawili wakafa. Jumba hilo nalo lilikuwa katika orodha ya UNESCO. Sifa haikushika boriti.

Ndugu msomaji, tuna tabia katika miji yetu, bara na visiwani. Tunapenda sana siku ya jiwe la msingi. Huja mgeni rasmi, huja ngoma, utepe hukatwa, picha hutoka gazetini. Wananchi hutoa nguvu zao, hubeba mawe na mchanga, zahanati ikasimama. Mwaka wa pili dawa hakuna; mwaka wa tatu nesi amehamishwa; mwaka wa nne paa linavuja. Tukiuliza kulikoni, tunaambiwa bajeti. Lakini bajeti ya ngoma ilikuwapo.

Jumba la Mizingani limeyapitia yote hayo kabla yetu. Lilijengwa kwa fahari likakosa dawa. Likapewa wakfu wenye mpango, likatoa dawa kwa miongo mingi. Likakosa mwenyewe, likaanza kuanguka. Likapata wa kulitunza, likasimama tena. Mbao ni zile zile na mawe ni yale yale. Kilichobadilika kila mara ni kama palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuja kesho asubuhi, na kama palikuwa na fungu la kumlipa.

Basi siku nyingine tukialikwa kuchangia zahanati ya mtaa, tutoe, kwani kutoa ni jambo jema. Ila kabla ya kupiga makofi, mmoja wetu anyoshe mkono aulize, kwa adabu, swali ambalo halikujibiwa Mizingani mwaka 1894: dawa ya mwaka wa pili itanunuliwa na nani?

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.